Baruti Hakumuuza Mtu

Nimestaafu utangazaji, na wenzangu vijana wameniomba niandike kidogo juu ya kazi ilivyokuwa. Nilikusudia kukataa, kwa sababu mtu aliyekaa na kipaza sauti maisha yake yote ameshasema vya kutosha. Lakini siku ya kuniaga, tumesimama na soda mkononi, kijana mmoja wa idara ya michezo, mpole, mwenye adabu zake, aliniuliza: "Mama Joyce, ni kweli ulifanya kazi na yule mpelelezi, Baruti?" Aliuliza kwa wepisi, kama anauliza kama ni kweli zamani mvua ilinyesha zaidi. Soda ilinipalia. Ndiyo sababu ninaandika, na ninaandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Vyeo na mishahara sitaandika. Anayetaka hayo aende ofisini akaulize, kama atamkuta mtu. Nitaandika juu ya mieleka, na juu ya Amisi Lubunga, Mkongo aliyenifundisha kazi, ambaye mashabiki walimpa jina la Baruti kwa jinsi alivyolipuka kwenye redio. Mji huu umemwita mpelelezi wa serikali ya jeshi tangu wengi wenu hamjazaliwa. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, kiwiko kwa kiwiko, siku ile mnayodai aliuza mtu. Sasa mtanisikiliza.

Mimi ni mtoto wa polisi. Baba alitoka kaskazini, ng'ambo ya Nile, na sisi tulilelewa kambini hapa Kampala, ambako watoto wa makabila yote tulitukanana na kupatana kwa Kiswahili. Nje ya uzio wa kambi mambo yalikuwa mengine. Ukisema Kiswahili kwa sauti barabarani, watu walikutazama kwa pembe ya jicho, maana hiyo ilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Jeshi lilipochukua nchi, Kiswahili kikapendwa kwa lazima, na redioni wakawa wanatafuta sauti. Mimi nilikuwa nikipiga taipu kwenye chumba cha habari. Mkubwa mmoja alinisikia nikigombana na dereva, akasema Kiswahili hiki kisipotee bure, akanipeleka michezo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Jumapili mchana, katika ukumbi ulio chini ya kilima cha Nakasero. Maonyesho yalikuwa yakianza mapema kwa sababu kila mtu alitaka kufika kwake kabla ya giza. Hilo halikuandikwa kwenye tangazo lolote, lakini hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Baruti alinikuta nimesimama mlangoni sijui pa kukaa. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi, amevaa koti zito kwenye joto lile, na kipaza sauti amekiviringisha kwenye taulo. Nikadhani ni mapenzi ya chombo. Baadaye nilikishika kwa mkono wenye jasho, umeme ukanipiga mpaka begani, nikaelewa kazi ya taulo.

"Kaa hapa, mama," aliniambia. Mimi nilikuwa mdogo kuliko binti zake, lakini Wakongo ndivyo walivyo, kila msichana ni mama. "Batu ba redio habaone, beko banasikia tu. Weye utakuwa macho yabo. Lakini usiseme yote macho inaona. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Sikuwa nimeelewa chochote.

Kwenye maongezi alisema Kiswahili cha kwao hivyo hivyo, lakini mkononi akishika chombo alikivua kama koti na kuvaa kingine, safi, kilichonyooka. Kazi yangu ilikuwa sauti ya pili. Nilitaja uzito wa wapiganaji, nilihesabu pamoja na refa, na nilijaza nafasi Baruti alipokunywa maji. Yeye alikuwa mvua na radi. Mtu akitupwa chini, Baruti aliinuka kitini. Mtu akikabwa, Baruti mwenyewe alikohoa. Wanawake wa soko la Nakasero, ambao Kiswahili chenyewe walikijua nusu, walisikiliza redio wakiwa wameketi kando ya mafungu ya nyanya, na Baruti akipita kesho yake walimwita kutoka pande zote, "Baluti! Baluti!", wakimwigiza anavyopumua. Karanga za kununua kwa dakika mbili alizinunua kwa saa nzima, kwa kupenda kuitwa.

Baada ya wiki chache alinieleza siri ya mchezo. Nilikuwa nimechukia refa mmoja kwa upendeleo, nikataka kumsema hewani. Baruti akafunika kipaza sauti kwa taulo. "Mama, hii yote iko mupango. Nani atashinda, balishajua toka asubui."

Nilikasirika. Nilijiona mjinga, mimi ambaye Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimelia kwa ajili ya mtu aliyeng'olewa jino. Alinipeleka nyuma ya pazia, akanionyesha wapiganaji wawili waliotaka kuuana muda si mrefu, wamekaa kwenye benchi moja, mmoja akimpaka mwenzake mafuta mgongoni. Hapo ndipo nilipofundishwa kazi yenyewe. Mshindi hupangwa, lakini maumivu hayapangwi. Anayetupwa hujitoa mwenyewe, anaruka ili abebeke, na anayetupa ana dhamana ya shingo ya mwenzake mpaka mgongo ufike kwenye turubai. Mbao za ulingo zina uwazi chini yake ili zilie sana na ziumize kidogo. Na Baruti aliniambia jambo ambalo nimelitumia mpaka kwenye misiba: anayepiga makelele haumwi, anayenyamaza ndiye wa kuangaliwa.

Kwa sababu wapo walioumia kweli, kulikuwa na desturi. Refa akiona mtu amevunjika, alikutanisha ngumi zake mbili kifuani, moja juu ya nyingine, kidogo tu, kama anajikuna. Ndipo kazi ya Baruti ilipoanza. Wake za wapiganaji hawakuja ukumbini. Walikuwa nyumbani na watoto, redio imewashwa, wakisikia waume zao wakiuawa kila Jumapili. Wangekuwa wanakimbia hospitali kila wiki. Basi ilikubaliwa hivi: Baruti akilipuka kwa jina la ulingoni, mke aendelee kusonga ugali. Baruti akishusha sauti, akawa mpole, akataja jina la nyumbani, lile la baba na mama, mke afunge mlango aende hospitali, Mulago.

Niliona desturi hiyo ilivyofanya kazi. Mpiganaji mmoja aliyeitwa Mashine aliteguka bega. Refa akakutanisha ngumi, na Baruti, ambaye sekunde moja nyuma alikuwa akimwita mama yake, akasema kwa upole, "Bwana Yokana Ssali sasa anapumzika." Halafu akaendelea na kelele zake. Mashabiki walidhani ni madoido ya mtangazaji. Tulipofika Mulago na Mashine, mke wake alikuwa ameshafika, na chupa ya uji mkononi.

Yalikuwa mambo ya watu wachache, hayakumdhuru yeyote, na yangeendelea mpaka leo kama asingetokea kapteni.

Jina lake silitaji. Ulingoni alijiita Kifaru. Alikuwa afisa mkubwa kwa umbo na kwa nafasi, alipenda mieleka kwa moyo wote, na siku moja akaamua kwamba na yeye anapigana. Nani angemkatalia? Tatizo halikuwa kwamba lazima ashinde. Wapiganaji walishazoea kushindwa, ilikuwa kazi yao. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyethubutu kumwambia kwamba mieleka hupangwa. Mtamwambiaje mtu yule, ambaye ameshamtupa Mashine nje ya kamba na kuonyesha misuli kwa walinzi wake, kwamba Mashine aliruka mwenyewe? Aliamini kuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote Uganda. Na kwa kuwa hakujua kuna kutunzana, hakumtunza mtu. Aliwapiga kweli. Kila Jumapili aliyopanda yeye, Baruti alishusha sauti, na mke wa mtu alikwenda Mulago.

Mnaniuliza kwa nini hawakuacha. Ninyi mmezaliwa kwenye raha.

Sasa nifike kwa Kasereka Muhindo. Huyu alikuwa Mkongo wa milimani, mashariki kule, mchuuzi wa vitenge siku za kazi na mpiganaji Jumapili, akiitwa Nyundo. Aliishi Kamwokya na mke wake Kavira na watoto wao. Alikuwa fundi. Kule kwao mchezo huu huuita kechi, na walimfundisha kabla hajaota ndevu. Nilishamwona akimtupa mtu mzito kutoka juu ya kichwa chake na kumlaza chini kama anamlaza mtoto aliyesinzia, na ukumbi mzima ukashika vichwa. Akaambiwa zamu yake na Kifaru imefika. Akaambiwa ashindwe mapema, alale chini, ayamalize. Akakubali, akacheka hata, akasema mgongo wake umezoea.

Ukumbi ulijaa, viti vya mbele askari tu. Mwanzoni yote yalikwenda. Nyundo alipigwa, akayumba, akaanguka, akaamka, na Baruti kando yangu analipuka. Kifaru akanogewa. Akapanda kwenye kamba ya juu kabisa, jambo ambalo hakuwahi kujifunza, akainua mikono kwa watu, akaruka.

Aliruka vibaya. Mimi ambaye si mpiganaji niliona. Kichwa kilikuwa kinatangulia, na mtu mzito namna ile akitua kwa kichwa, shingo haina la kusema. Nyundo alikuwa amelala chali kama alivyopangiwa. Angebaki pale pale, historia ya ukumbi ule ingekuwa nyingine. Lakini mwili wa fundi hauulizi shauri. Aliinuka nusu, akamdaka Kifaru hewani, mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine kiunoni, akamzungusha na kumlaza mgongo chini, taratibu, salama, kama ambavyo angemfanyia mwenzake yeyote kazini. Alimwokoa maisha.

Mbao zikalia. Na ukumbi, mashabiki wetu wapendwa, wale mnaowaita wazee wa kumbukumbu, waliona nini? Waliona Kifaru amebwagwa. Wakaruka juu. Walipiga kelele ambazo sijazisikia tena, kelele za miaka, za kila kitu walichokuwa wamekimeza. Walisimama kwenye viti wakiimba "Nyundo! Nyundo!" mbele ya askari wenye silaha. Siwalaumu kwa furaha hiyo. Nawalaumu kwa waliyoyafanya baadaye.

Kapteni alilala pale akitazama dari. Halafu akageuza uso akawaona watu wake wa mstari wa mbele wakijitahidi kutocheka. Nilimwona Nyundo akimpa mkono amwinue, desturi ya kazi, na midomo yake inasema kitu, pole labda. Kifaru aliinuka bila mkono ule. Akampiga kichwa, akamwangusha, akasimama juu ya goti lake na kulikanyaga mpaka likageuka upande ambao goti haliendi. Nyundo hakupiga kelele hata moja. Refa alikuwa na ngumi zake kifuani, hajifichi tena, machozi yanamtoka. Kengele ikagongwa, mkono wa Kifaru ukainuliwa.

Nikamtazama Baruti. Nilitegemea ataje jina kama kawaida, kisha aendelee. Alikivua chombo taulo. Sauti yake ilikuwa ya chini, sawasawa na ya mtu anayeongea na jirani kupitia ua. "Bwana Kasereka Muhindo sasa anapumzika," alisema. "Bwana Kasereka Muhindo anapumzika." Na mara ya tatu, "Bwana Kasereka Muhindo." Alikuwa hajawahi kurudia jina la mtu. Nikaona kapteni, juu ya ulingo, ameelekeza mkono kwetu na anamwambia mlinzi wake kitu. Baruti akanisukumia koti lake. "Mama, enda na mugonjwa. Enda sasa."

Nilikwenda, nimeshika machela upande mmoja. Nikiwa mlangoni nilisikia askari nyuma yangu. "Wewe Mukongo! Kwa nini nataja jina ya ile mutu kwa redio? Nani natuma wewe?"

Na sauti ya Baruti, ya kizee kabisa, ambayo hakuwa nayo asubuhi: "Afande, mimi muzee. Jina ya ulingo imenipotea. Unisamehe."

Mulago tulimkuta Kavira. Hakuwa na uji. Alikuwa na watoto wote, nguo zimefungwa kwenye kitenge, sufuria, na viatu vya kulia na kushoto vya mume wake vimefungwa pamoja kwa kamba. Nilimuuliza kwa nini amekuja na nyumba nzima. "Dada," alisema, "akitaja mara moja, mume ameumia. Mara tatu, ni Mzee Baruti mwenyewe aliniambia zamani, kama vita ilivyotufundisha kule kwetu. Mara tatu, usirudi nyumbani." Desturi hiyo ya pili hata mimi sikuijua. Walikuwa wamepanga wao kwa wao, Wakongo waliokimbia nchi moja wakijua huenda watakimbia na ya pili.

Muuguzi mmoja, sitamtaja, alilifunga goti kwa mbao, akamchoma sindano ya maumivu, akatuonyesha mlango wa nyuma wa jikoni. Jua lilikuwa bado halijazama. Wakapakiwa kwenye gari la mtu wa kwao lililokuwa likirudi magharibi na magunia matupu. Kavira alinishika mikono miwili akasema nimwambie Mzee amesikia. Ni hayo tu. Asubuhi yake askari walifika wodini wakakuta kitanda kimetandikwa. Wakaenda Kamwokya wakavunja mlango wa nyumba iliyokwisha hamwa.

Sasa tazameni majirani waliona nini. Jina la mtu limetajwa redioni mara tatu, waziwazi, jina la nyumbani ambalo mashabiki hawakulijua. Kesho yake askari wako kwake. Mtu hayupo, mke hayupo, watoto hawapo. Zamani zile nyumba ikiwa tupu hivyo, watu hawakuuliza wamehamia wapi. Walihesabu maiti. Na aliyetaja jina ni nani? Mtangazaji wa Kiswahili, lugha ya askari, anayekaa mstari mmoja na maafisa.

Na bado hiyo haikutosha. Baruti, waliyemkamata pale pale ukumbini, alikaa ndani majuma kadhaa, kisha akatoka. Ndilo kosa lake kubwa kwenu, kwamba alitoka hai. Wengine walioingia hawakutoka, basi yeye ametokaje kama si wao? Alitoka na sikio moja halisikii na vidole vya mkono wa kulia havikunji. Hayo hamkuyaona, kwa sababu redio haionyeshi vidole. Mwanaume yule aliigiza uzee na usahaulifu kwa majuma mbele ya watu wale, akang'ang'ania kwamba jina lilimpotea, mpaka wakamwona mjinga wakamfukuza mle ndani. Mnajua kazi hiyo ilivyo ngumu kuliko ya kulipuka?

Nauliza tena, nikiwa nimetulia kadiri ninavyoweza. Jeshi lilihitaji redio ili kujua jina la mtu aliyepigana na kapteni wao? Jina na mahali anapoishi vilikuwa kwa mwandaaji wa maonyesho, kwa refa, kwa kila mtu nyuma ya pazia. Mwenye kuhitaji redio alikuwa mtu mmoja tu mjini, mwanamke aliyekuwa akisonga ugali Kamwokya.

Hawakumrudisha kwenye mieleka. Walimpa matangazo ya vifo. Mtangazaji bora niliyewahi kumsikia, akisoma majina ya marehemu na mahali pa mazishi kwa sikio moja, mpaka serikali ile ilipoanguka. Na soko la Nakasero likabadilika. Hakuna aliyemwita tena. Akifika kwenye fungu, maongezi yalikatika, na mwanamke alimchagulia nyanya nzuri kuliko zote, akazifunga haraka, akatazama chini. Walikuwa wakimwogopa. Siku moja nilimkuta ofisini na fungu la nyanya hizo mezani, kubwa, nyekundu, hazina doa, na mtu mzima analia. Nilitaka kwenda kuwaambia wale wanawake mimi mwenyewe. Alinikataza.

"Nikisema kwa nini nilitaja jina, nitasema na desturi yetu," alisema. "Nikisema desturi, nitasema mchezo iko mupango. Na kapteni akijua kama bale bote balijiangusha?" Hakumaliza. Hakuhitaji. Kila mpiganaji aliyewahi kumwachia Kifaru ushindi angeuawa kwa kumdanganya. Basi akawa mpelelezi ili wao wawe hai.

Serikali ilipoanguka, nilimwambia sasa sema. Kapteni amekimbia, hakuna wa kuogopwa. Vijana walikuwa wameanza kurusha mawe kwenye bati lake, maana naye aliishi Kamwokya hiyo hiyo. Mfanyabiashara wa vitenge alikuwa ameshatuletea salamu kwamba Kasereka yuko hai kwao, anachechemea, anauza dukani. Baruti akakataa tena. Wapiganaji walikuwa ndiyo kwanza wanaanza upya, ukumbi hauna hata taa, hawana kingine wanachokijua. "Mashabiki bakijua iko mupango, nani atakuja? Bale batoto batakula nini?" Nilimwambia mashabiki hao hao ndio wanaokupiga mawe. Akasema ni kweli, lakini ni mashabiki.

Alikufa hivyo. Mazishini tulikuwa wachache, nusu yetu wapiganaji wazee ambao hawakuweza kusema lolote, wamesimama tu na mabega yao mapana. Tangazo la kifo chake nililisoma mimi.

Baada ya sherehe ile ya kuniaga sikulala vizuri. Nikasikia kuna kibanda cha video Kamwokya ambako mashabiki wa zamani hukutana Jumamosi mchana kutazama mieleka ya Ulaya na kusimuliana ya kwetu. Nikaenda. Mieleka yetu ya zamani ilishakufa yenyewe, wapiganaji wote ninaowajua wamezikwa, hakuna tena wa kunyang'anywa ugali. Niliwakuta wazee kama kumi, na mkubwa wa baraza ni kinyozi mmoja aliyekuwa ukumbini siku ile. Alinitambua kwa sauti kabla ya uso. Akafurahi sana, akanipa kiti chake. Akaanza mwenyewe: "Nnyabo, mama, wewe ilikuwa nakaa na ile mupelelezi. Wewe ilikuwa naogopa, si ndiyo?"

Nikawaeleza. Niliwaeleza yote, kama nilivyowaandikia ninyi, kuanzia benchi la nyuma ya pazia mpaka viatu vilivyofungwa kwa kamba. Niliongea kwa sauti ya kazi. Mtu wa video akazima mashine. Nilipomaliza nikasubiri mmoja wao aseme jina la yule mzee kwa heshima, mara moja tu.

Kinyozi alikuwa amekunja uso. "Banange," alisema polepole. "Kumbe ile mieleka yote ilikuwa ya kupanga?"

"Ndiyo."

"Hata siku ile Mashine natupa ile Mukenya inje ya kamba?"

"Hata siku ile."

"Mimi ile siku ilipigana na muramu yangu, ndugu ya bibi yangu, kwa sababu ya Mashine. Mpaka leo hatuongei." Akawatazama wenzake. Mmoja alikuwa amejifunika macho kwa kofia. "Na Baluti? Yeye ilikuwa najua?"

"Alijua kuliko wote."

"Na hapana ambia mutu? Watu natupa yeye mawe, yeye nanyamaza tu?"

"Alinyamaza mpaka alipokufa."

Kinyozi akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Kale, sawa. Basi ile mzee ilikuwa mwanaume kweli. Sisi ilikuwa nakosea." Kisha akainua kidole kwa hasira, akaninyooshea mimi. "Mupelelezi ni wewe."

Hakuna aliyemkanya. Mtu wa video akawasha mashine, wakageuza viti. Nikachukua mkoba wangu nikatoka kwenye jua la Kamwokya. Waniite hivyo. Mimi nimestaafu, sina soko la kuogopwa, na jina hilo nitalibeba mimi. Mradi limemtoka yeye.